Tukae Meza Moja: Hotuba kwa Watafiti wa Saratani za Watoto

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari wetu, wauguzi, wanafunzi wa udaktari, watafiti mliotoka mbali na mliotoka karibu, na ninyi wazazi wenzangu mliojibanza viti vya nyuma: habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kabla sijaendelea, nawaomba wazazi wasogee mbele. Mstari wa kwanza una viti vitupu na hakuna aliyeandikwa jina. Njooni, msiogope kamera. Baba mwenye koti la kijani, karibu. Mama, njoo na mtoto, akilia hatutamfukuza mtu. Ahsanteni.

Mimi ni mama wa kijana aliyeugua limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, akiwa mdogo na akapona. Udaktari sijasomea, utafiti sijasomea. Nilianza kuitwa kwenye vikao vya watafiti kama mwakilishi wa wazazi baada ya mwanangu kumaliza dawa, na tangu hapo nimeona maswali ya utafiti yakizaliwa na nimeona mengine yakifa mezani. Nililokuja kusema ni hili: familia za watoto wenye saratani zimeipa sayansi mengi, kwa miaka mingi, bila kuulizwa neno. Na kila zilipoulizwa, kazi ya watafiti imekuwa nzuri zaidi na watoto wengi zaidi wamerudi nyumbani wazima.

Nianze na historia, maana historia hii ni ya kwetu hapa ukanda wa ziwa.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago kule Kampala, daktari wa upasuaji aliyetoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja, huyu akiwa na uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Akaanza kupekua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walijipakia kwenye gari kuukuu wakaelekea kusini, safari ya maili zipatazo 10,000, wakisimama hospitali hii na ile na kuuliza: watoto wa namna hii mnawaona hapa? Majibu wakayachorea ramani. Ugonjwa ulikaa penye joto na mvua, ukapotea kwenye nyanda za juu zenye baridi, na ramani ile ikashabihiana na ramani ya malaria.

Kule London, mtafiti Anthony Epstein alisikia mhadhara wa Burkitt akaomba apelekewe vinyama, yaani vipande vidogo, vya uvimbe huo. Vikapanda ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ndani ya chembe za uvimbe. Kirusi hicho leo kinaitwa Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mulago ni miongoni mwa mahali ambapo dunia ilijifunza kwamba ipo saratani inayoweza kuondoka kwa dawa peke yake, bila kisu.

Wanafunzi wa udaktari mnayajua haya, mmeyafanyia mitihani. Lakini mimi nikiyasikia nawaza jambo jingine. Kila kisanduku kilichopanda ndege Entebbe kilibeba kinyama cha mtoto wa mtu. Kila picha iliyoonyeshwa kwenye ile safari ya 1961, kulikuwa na mama pembeni aliyemshika mtoto mabega atulie apigwe picha. Chembe zilizooteshwa kutoka kwenye uvimbe wa watoto na vijana wa Kiafrika miaka ile ya sitini bado zinaishi kwenye friji za maabara duniani kote, na mpaka leo hii watu wanazifanyia kazi. Yule mama hatumjui. Alitaka kujua nini? Hakuna mahali palipoandikwa.

Burkitt simlaumu. Alikuwa mtu wa kutoka ofisini, kutembea, kutazama na kuuliza, na kwa hilo namheshimu sana. Ila aliowauliza walikuwa madaktari na wauguzi wa hospitali. Hatua iliyobaki, ya kumuuliza mzazi, ndiyo tunayoidai leo.

Sasa niwaambie mzazi anajua nini.

Mwanangu alianza kwa jino kulegea. Tulikwenda kituo cha afya, sitakitaja, likang'olewa. Wiki hiyohiyo jino la pili likalegea, na fizi ikaanza kujaa. Tukaambiwa ni usaha, tukapewa vidonge. Mimi nilikuwa namlisha uji kwa kijiko cha chai. Kijiko kilichoingia mdomoni Jumatatu, Alhamisi hakikuingia. Nililisema hilo kwa kila aliyevaa koti jeupe. Nikaambiwa mama, tulia, meno ya utoto hayo.

Nimekuja kujua baadaye, kwenye vikao hivihivi, kwamba limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote za binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kijiko changu kilikuwa kipimo. Kilikuwa kipimo sahihi, kilichosomwa kila siku, asubuhi na jioni, na mtu asiyelipwa. Hakuna fomu niliyowahi kujaziwa iliyokuwa na nafasi ya kuandika jambo la namna ile. Fomu ziliuliza umri, kabila, kijiji, uzito, na tarehe dalili zilipoanza. Tarehe! Mzazi wa kijijini hakumbuki tarehe. Anakumbuka kwamba ilikuwa kabla ya mavuno ya mpunga, kwamba mtoto alikuwa bado anatafuna muhogo wa kuchoma.

Katika kamati moja ninayokaa, tulibadilisha sehemu hiyo ya dodoso. Wazazi tulishauri waulize hivi: mara ya mwisho mtoto kula chakula kigumu ilikuwa lini? Mara ya mwisho kukimbia na wenzake? Alianza lini kulalia upande mmoja? Mtafiti kijana aliyekuwa akiandika alinyanyua kichwa akasema, hapa sasa napata historia ya ugonjwa. Na sisi tulikuwa tunamwambia tunayoongea kila usiku wodini, wakati watoto wamelala na akina mama tumekaa sakafuni kati ya vitanda tukihesabu nani kesho anaingia sindano ya mgongo.

Siku hizi kuna kazi kubwa inayonipa matumaini. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uganda, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakichunguza namna ya kuitambua limfoma hii kwa damu: kusoma vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr na vya uvimbe wenyewe vilivyopotelea kwenye damu ya mgonjwa, badala ya kutegemea kinyama peke yake. Ninyi mtalieleza hilo kwa lugha ya maabara. Kwetu wazazi maana yake ni siku. Kukatwa kinyama kunahitaji chumba cha upasuaji, mtu wa usingizi, dawa ya kuhifadhia, na mtaalamu wa kusoma ile slaidi, ambao ni wachache mno nchini. Wakati hayo yote yanapangwa, uvimbe unaongezeka maradufu, unaongezeka tena.

Lakini hata kwa kipimo kizuri namna hiyo, muulizeni mzazi. Kwenye kamati yetu, swali la kwanza alilouliza mama mmoja kutoka Mara lilikuwa: damu hiyo ni kiasi gani? Mtoto wake alikuwa ameongezewa damu siku mbili tu kabla, na alimwona ndugu aliyeombwa achangie akikimbia. Kwake kila chupa ndogo iliyojaa ilikuwa deni. Msaidizi wa utafiti alimjibu kwa mililita. Hakuelewa, na alikuwa tayari kukataa. Muuguzi akachukua kijiko kutoka kwenye kikombe chake cha chai, akamwonyesha: hiki kimoja. Mama akauliza tena, kwa nini mumchome mara mbili, mara ya daktari na mara yenu? Pale pale ikaamuliwa damu ya utafiti itolewe kwenye sindano ileile ya asubuhi ya vipimo vya wodi. Utaratibu ulibadilika kwa swali la mtu mmoja, na baada ya hapo wazazi waliokubali kushiriki wakaongezeka.

Nizungumzie na wale ambao hawaumwi. Kati ya mwaka 2010 na 2016 ulifanyika utafiti mkubwa Uganda, Tanzania na Kenya kuchunguza uhusiano wa malaria, kurithi, na limfoma ya Burkitt, ukiongozwa na Dkt. Sam Mbulaiteye wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambaye ni mtoto wa Uganda. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuwa na watoto wagonjwa peke yao, lazima kuwe na watoto wazima wa kulinganisha nao. Wakahitajika watoto wazima wengi, kutoka vijijini. Fikirini mzazi ambaye mwanawe anacheza mpira uwanjani, hana homa, hana uvimbe, halafu anakuja mgeni kuomba damu yake kwa ajili ya mtoto wa wilaya nyingine. Maelfu walikubali. Wazazi hao hawajawahi kuitwa kwenye mkutano kama huu hata wapigiwe makofi. Mimi nawapigia. (Makofi.)

Ahsanteni. Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wa umri hadi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika hilo lilizindua mpango wa dunia nzima wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt imo kwenye saratani sita zilizopewa kipaumbele.

Jiulizeni hiyo tofauti inatoka wapi. Dawa zilizomponya mwanangu ni za zamani: siklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati. Zilikuwepo kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo si kwamba dunia haijui. Kuna kitu kati ya dawa na mtoto.

Watafiti wa magharibi mwa Kenya walikifuata kitu hicho hadi majumbani. Walichukua orodha ya watoto waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya 2007 na 2009 wakakuta zaidi ya nusu waliacha matibabu katikati. Zaidi ya nusu! Kwenye vitabu vya hospitali wengi wangeandikwa tu kwamba hawakurudi, na mhudumu angesema wazazi hawa hawaelewi, wamekwenda kwa waganga. Hawa watafiti hawakuishia kwenye kitabu. Walipanda magari wakaenda nyumba kwa nyumba, wakaketi na wazazi, wakauliza. Wazazi wakajibu: fedha zilikwisha. Bima hatukuwa nayo, au tulikuwa nayo haikufanya kazi. Nauli. Wengine walisema waliogopa kuzuiliwa hospitalini na mtoto kwa sababu ya bili. Na hesabu zao zilionyesha watoto wenye bima walikuwa na nafasi bora ya kupona.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi anaweza kuwa mjinga wa vinasaba, lakini hakuna profesa anayejua kuliko yeye kwa nini aliteremka kwenye basi la kurudi hospitali na kugeuza nyumbani.

Mkitaka ushahidi kwamba jibu la mzazi linaokoa, tazameni mradi wa Afrika wa uvimbe wa figo, ule unaoitwa Wilms. Hospitali za Malawi, Cameroon, Ghana na nchi nyingine kadhaa zilikubaliana kutumia mpango mmoja wa matibabu, na ndani ya mpango huo wakaweka msaada wa gharama za matibabu, nauli na chakula kwa familia. Sikilizeni vizuri: nauli iliandikwa kwenye mpango wa tiba, pamoja na vinkristini. Kabla ya mradi, watoto walioacha matibabu walikuwa asilimia 23. Baada yake wakawa 12. Waliomaliza matibabu wakiwa hai bila dalili za ugonjwa walikuwa asilimia 52, wakafikia karibu 70. Hakuna molekuli mpya iliyovumbuliwa pale.

Ndiyo maana nakasirika, na naomba mnisamehe kwa sauti, ninapoona dodoso la watafiti limeandika: umbali kutoka nyumbani hadi hospitali, kilomita ngapi. Kilomita hazisemi kitu. Anayetoka Ukerewe anavuka maji kwa kivuko kwanza. Mwingine anaanza na bodaboda usiku ili awahi basi la alfajiri, na akilikosa analala stendi na mtoto ambaye chembe zake nyeupe za damu, zinazopigana na magonjwa, zimeshuka, kati ya watu wanaokohoa. Ulizeni nauli ya mtu mzima na mtoto, kwenda na kurudi. Ulizeni anabadilisha gari mara ngapi na akikosa usafiri analala wapi. Ulizeni nyumbani amewaacha watoto wangapi na nani anawapikia, na kama kibarua cha baba bado kipo au alishafukuzwa. Hayo ndiyo yanayoamua kama mzunguko wa tatu wa dawa utafanyika.

Hapa Tanzania tumeona faida yake. Pale Muhimbili matibabu ya saratani za watoto yanatolewa bure, familia zinapata mahali pa kufikia na kusaidiwa nauli, na huduma imezidi kusogezwa mikoani badala ya kila mtoto kubebwa hadi Dar es Salaam. Hili si jambo dogo. Mzazi aliyepewa kitanda na chakula haombi ruhusa ya kwenda kuuza mbuzi akapotelea huko.

Nisije nikaonekana nasema umaskini peke yake. Wazazi wa nchi tajiri nao wana lao. Uingereza walifanya kazi moja ninayoipenda: waliwauliza watoto wenye saratani, waliopona, wazazi, ndugu, na wahudumu wa afya, kila mmoja aseme ni swali gani angependa utafiti ulijibu. Maswali yakapepetwa kwa pamoja hadi yakabaki 10, yakatangazwa mwishoni mwa mwaka 2022. Swali la kwanza kabisa halikuwa dawa kali zaidi. Lilikuwa: je, tunaweza kupata tiba zinazofanya kazi na zenye upole zaidi kwa mtoto, zisizomwachia madhara ya sasa na ya baadaye? La pili lilihusu kwa nini watoto hupata saratani, na la tatu namna ya kuharakisha kugundua ugonjwa. Lile la tatu likifika Sengerema linaeleweka bila mkalimani.

Upole huo nao unapimika. Kuna dawa inaitwa sisplatini, inaponya uvimbe wa ini na mwingine, lakini inaua masikio. Mtoto anapona, anarudi shule, hasikii mwalimu anasema nini. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu kuwapa watoto wenye uvimbe wa ini dawa iitwayo thiosulfati ya sodiamu saa sita baada ya kila dozi ya sisplatini. Waliopata sisplatini peke yake, asilimia 63 walipoteza uwezo fulani wa kusikia. Waliopata na ile ya pili, asilimia 33. Wapo madaktari ambao kwao mtoto akiwa hai inatosha. Mama wa mtoto aliyepona akawa kiziwi atawaambia kama inatosha.

Niwape na mfano wa jicho. Retinoblastoma ni saratani ya jicho la mtoto mdogo, na mara nyingi wa kwanza kuiona ni mama. Anaona weupe kwenye mboni, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi: jicho moja jekundu, la pili linang'aa jeupe kama la paka usiku. Nilikutana na mama kliniki anayeitembeza picha ya namna hiyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alimwonyesha kila mtu mpaka akampata aliyeshtuka. Kenya waliliona hili mapema, kitabu cha afya ya mama na mtoto kikawekewa sehemu ya kukagua macho na kuangalia huo weupe. Canada kuna bodi ya ushauri wa utafiti wa retinoblastoma ambamo waliopona na wazazi wanaketi na watafiti na kuchagua vipaumbele pamoja. Na msisahau kwamba saratani hiyohiyo ndiyo iliyoifundisha dunia kurithi kwa saratani: mwaka 1971 Alfred Knudson alitumia kumbukumbu za wagonjwa 48 tu, akilinganisha walioumwa jicho moja na walioumwa yote mawili, akaonyesha kwamba saratani hii inahitaji hitilafu mbili kwenye vinasaba. Kumbukumbu 48 ni familia 48 au karibu na hapo zilizojibu maswali kuhusu baba, mjomba na bibi.

Sasa naomba utulivu kidogo, kwa sababu nataka kuwasemea wasiopo.

Wengi wa wazazi niliolala nao wodini walirudi nyumbani bila watoto. Mtoto akishafariki, faili linafungwa, simu haipigwi tena, na mzazi yule hahesabiki kwenye kamati yoyote. Wawakilishi wa wazazi wanaoalikwa ni sisi ambao watoto wetu walipona, tunaopendeza kwenye picha. Nalisema hili mbele yenu nikiwa mmoja wao: mnatusikiliza nusu. Aliyefiwa anajua maumivu ya siku za mwisho na kama mofini, dawa ya maumivu makali, ilikuwepo. Anajua ni saa ngapi alisubiri damu. Anajua neno aliloambiwa na nani, na kama aliambiwa ukweli mapema akapata nafasi ya kumrudisha mtoto akaagane na bibi yake. Hakuna dodoso linaloweza kulipata hilo kwangu.

Kule Marekani, Canada na Ulaya, baadhi ya wazazi waliofiwa na watoto kwa uvimbe wa shina la ubongo waliruhusu uvimbe huo uchunguzwe baada ya kifo, maana kuukata mtoto akiwa hai ilikuwa hatari. Zawadi hiyo ilichangia ugunduzi wa mwaka 2012 wa hitilafu ya kinasaba inayoendesha saratani hiyo. Najua kwetu ombi kama hilo ni zito. Kuna imani zetu, kuna wazee, kuna kuzika mapema. Sisemi mkawaombe watu mwili wa mtoto wao msibani, Mungu apishe mbali. Nasema msiwaamulie kwamba hawawezi kutoa chochote. Subirini, nendeni baada ya arobaini, nendeni na muuguzi waliyemzoea, kaeni mkekani, wasikilizeni kwanza. Wengi wana mengi ya kusema na hawajapata wa kumwambia.

Na akina baba msiwasahau. Vikao vyenu mnaita mama mama, mama mama. Baba ndiye aliyeuza shamba. Yeye ndiye aliyekaa nyumbani na watoto wengine huku majirani wakimwambia ugonjwa huu umetumwa na mtu. Mwulizeni.

Watoto nao. Mwanangu alipofika umri wa kuelewa alimuuliza daktari wake kwa nini kila anayekuja kumtazama anamsalimia mama yake na hamsalimii yeye. Sheria za maadili ya utafiti zinataka mtoto mkubwa aombwe ridhaa yake mwenyewe pamoja na ya mzazi. Ombeni kweli. Kaeni kitandani kwake, mwonyesheni sindano kabla ya kumchoma.

Halafu rudini. Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote kwa wazazi: walichukua damu, walituhoji, walitushukuru, hatukuwaona tena. Mnachapisha kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo sisi hatuyasomi. Kurasa mbili za Kiswahili zinatosha, na mkutano mmoja pale pale mlipochukulia damu, mseme tuliuliza hivi, tumekuta hivi, hili hatukulipata. Wekeni gharama yake kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kwenye mstari mmoja na wa kemikali za maabara. Wekeni na nauli na posho ya mzazi anayekaa kwenye kamati, kwa sababu siku anayokaa na ninyi hajalima na hajauza nyanya.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami ninaheshimu saa.

Kwenye viti vyenu kuna rasimu ya utafiti mpya wa kuacha matibabu katika mikoa ya kanda ya ziwa. Haijapelekwa kwenye kamati ya maadili, bado inaweza kubadilishwa. Ukurasa wa nne umeachwa wazi kwa makusudi, hapo ndipo wazazi wataandika maswali yao. Watafiti, leo msizungumze na wenzenu wakati wa chai. Kila mmoja akae na mzazi mmoja, amsikilize, aandike anachoambiwa kwa maneno ya mzazi mwenyewe bila kuyanyoosha. Wazazi msioandika, mabinti wawili pale mlangoni wenye vitambulisho vya njano watawaandikia, na wanajua Kisukuma na Kijaluo. Chai iko tayari nje upande wa kushoto, na tukirudi saa tano tutasoma ukurasa wa nne kwa sauti, swali baada ya swali.